Waalimu wa Chuo Kikuu Waliokwenda Kuuliza Wazee

Mkulima aliyeuza ng'ombe wawili ili mwanawe aende Nairobi kusoma hutaka kujua mtoto huyo atarudi na kazi gani. Akiambiwa kuwa kijana anasomea udaktari, au uhandisi, au sheria, huridhika, maana daktari amepata kumtibu, daraja la mhandisi amelipita, na wakili amemlipa fedha zake kwa shida. Lakini akiambiwa kuwa kijana yumo katika Kitivo cha Sanaa, naye anasoma historia, au fasihi, au falsafa, au elimu ya jamii, huinamisha kichwa akanyamaza. Jina lenyewe halimsaidii, kwa kuwa neno "sanaa" humfanya afikiri kuwa mwanawe amekwenda kufundishwa kuchonga vinyago.

Swali lake ni la haki. Tena halikuulizwa na wazazi wa vijijini peke yao. Katika miaka ya 1960 na 1970 liliulizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi penyewe, na walioliuliza ni waalimu vijana waliokuwa wametoka masomoni Ulaya na Marekani, wakapewa vyumba na meza, wakaambiwa wafundishe. Je, wafundishe nini? Na mambo ya Mwafrika yakiwa hayamo vitabuni, nani atayasema?

CHUO KILIANZA KWA UFUNDI

Chuo cha Nairobi hakikujengwa kwa ajili ya masomo ya namna hiyo. Hati ya Mfalme ya kuanzisha Royal Technical College, yaani Chuo cha Ufundi, ilitolewa mwaka wa 1951. Wahindi wa Kenya walikuwa nao wanakusanya fedha za kujenga chuo cha ukumbusho wa Mahatma Gandhi, wakakubali kuziunganisha na mpango wa serikali ili kisijengwe vyuo viwili katika mji mmoja. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956, na tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo Princess Margaret alikifungua Chuo rasmi. Kilichotakiwa wakati ule ni watu wa kujenga, kupima ardhi na kushika hesabu za biashara. Kijana aliyetaka kusoma historia au Kiingereza kwa kina alipanda gari la moshi kwenda Makerere, Uganda.

Mambo yalibadilika upesi. Mwaka wa 1961 Chuo kiliitwa Royal College, Nairobi, na kikaanza kuwatayarisha wanafunzi kwa digrii za Chuo Kikuu cha London, pamoja na zile za masomo ya Sanaa. Tarehe 28 Juni 1963 ulizinduliwa University of East Africa, ambao ulivikusanya vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam chini ya Mwalimu Julius Nyerere kama Mkuu wake. Mwaka wa 1964 chuo cha Nairobi kiliitwa University College, na Mkuu wa Chuo akawa Bwana Arthur Porter, Mwafrika wa Sierra Leone, naye mwenyewe alikuwa mwanahistoria. Mwaka wa 1970 umoja wa vyuo vitatu ulivunjwa, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake.

Ni katika miaka hiyo michache, tangu uhuru hata kuvunjika kwa umoja huo, ndipo waalimu wapya walipofika mmoja mmoja. Wengi wa waliowatangulia walikuwa Waingereza. Haifai kuwalaumu wote kwa pamoja, kwa maana baadhi yao walifanya kazi bega kwa bega na hao wapya, kama itakavyoonekana. Lakini masomo yalikuwa yamekatwa kwa kipimo cha London, na kijana wa Machakos au Kakamega alifanya mtihani juu ya wafalme wa Uingereza na washairi wake kabla hajaulizwa neno lolote juu ya Mlima Kenya.

NENO LA OXFORD

Mwaka wa 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru, profesa mmoja mashuhuri wa historia wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema katika mihadhara yake kuwa labda siku zijazo kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, lakini kwa wakati ule haikuwapo. Ilikuwako historia ya Wazungu katika Afrika, na kilichobaki kilikuwa giza. Neno hilo liliwachoma wasomi wa Afrika, na wengine wanalitaja hata leo. Hata hivyo, hasira pekee haikuweza kulijibu. Profesa yule alikuwa akishika kanuni ya zamani ya wanahistoria, kwamba pasipo maandishi hapana ushahidi. Aliyetaka kumjibu alipaswa kuleta ushahidi wa namna nyingine, na kuonyesha kuwa unaweza kupimwa.

Mtu mmoja alikuwa tayari ameianza kazi hiyo. Bethwell Allan Ogot alizaliwa Gem, katika Nyanza, mwaka wa 1929. Alisoma Maseno, kisha Makerere, na baadaye akafundisha hesabu katika Alliance High School. Mwaka wa 1955 alikwenda St Andrews, Scotland, kusoma historia. Alipotaka kuandika kazi yake ya udaktari katika London juu ya historia ya Wajaluo kabla ya kuja kwa Wazungu, shaka ilikuwa nyingi. Wajaluo hawakuwa wameacha nyaraka. Itaandikwaje historia ya watu wasioandika? Mwalimu wake, Roland Oliver, alikuwa mmoja wa Wazungu wachache wa wakati huo walioamini kuwa jambo hilo linawezekana, na mwaka wa 1961 Mbelgiji Jan Vansina, aliyekuwa amefanya kazi Congo na Rwanda, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kuchunguzwa kama nyaraka zinavyochunguzwa.

Bwana Ogot alirudi kwa wazee. Alizunguka Nyanza, akavuka mpaka kwenda Padhola, upande wa mashariki wa Uganda, ambako wanakaa ndugu wa Wajaluo walioachana nao njiani katika safari ya kutoka Sudan. Aliwauliza wazee wa kila ukoo majina ya baba zao, na ya baba wa baba zao, mahali walipojenga, vita walivyopigana, na ni nani waliyemkuta juu ya ardhi walipofika.

JINSI YA KUUPIMA USHAHIDI

Ye yote aliyepata kusikiliza kesi ya shamba katika baraza la chifu ataifahamu kazi hii kwa urahisi, kwa kuwa shida zake ni zile zile. Mzee husema yale yanayoufaa ukoo wake. Babu aliyeshindwa vitani husahauliwa, na babu aliyekuja jana husemekana kuwa alikuwapo tangu kuumbwa kwa mlima. Mtu akikuta ng'ambo ya mto ukoo mwingine unaodai ardhi ile ile, atasikia habari nyingine kabisa. Mwanahistoria hawezi kuchukua neno la mmoja akaliandika kitabuni. Huuliza ukoo huu, akauliza na maadui wao, kisha akauliza na watu wa mbali wasio na faida katika shauri lile. Panapokubaliana maneno ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kupatana, hapo ameshika kitu.

Kisha huja shida ya miaka. Wazee hawakuhesabu kwa kalenda. Mwanahistoria hupanga majina ya mababu kizazi baada ya kizazi, akakisia kila kizazi kuwa miaka fulani, kama ishirini na mitano hata thelathini, halafu akahesabu akirudi nyuma. Kwa watu wenye marika, kama Wakikuyu, kazi ni nyepesi kidogo, maana kila rika la tohara lilipewa jina, na jina hilo mara nyingi hutaja njaa, au ugonjwa, au nzige wa mwaka ule. Na mara chache sana mbingu zenyewe hutoa ushahidi. Masimulizi ya falme za Uganda yanataja vita vya Biharwe, katika Ankole, ambapo jua liligeuka giza mchana. Nao wenye elimu ya nyota wamehesabu kuwa jua lilipatwa huko mwaka wa 1520. Kwa tarehe hiyo moja, orodha nzima ya wafalme hupata mahali pa kufungwa kamba.

Kitabu cha Bwana Ogot juu ya historia ya Wajaluo wa kusini kilitoka mwaka wa 1967, kimepigwa chapa Nairobi na East African Publishing House. Kwa wakati huo yeye alikuwa amekwisha hamia Nairobi kutoka Makerere, akaiongoza Idara ya Historia. Mwaka wa 1966 alianzisha Chama cha Historia cha Kenya, ambacho mikutano yake ilitoa mfululizo wa vitabu vilivyoitwa "Hadith", na mwaka wa 1968 yeye na mwenzake J. A. Kieran walitoa "Zamani", kitabu cha historia ya Afrika Mashariki kilichosomwa na wanafunzi wengi wa vyuo na shule za juu. Inafaa kuangalia majina hayo mawili. Vitabu vyenyewe viliandikwa kwa Kiingereza, lakini wenyewe walipotafuta jina la kuviita, waliliokota katika Kiswahili.

Wengine walifuata njia hiyo, kila mmoja akaanza nyumbani kwake. Gideon Were alitoa historia ya Abaluyia mwaka wa 1967. Godfrey Muriuki alitoa ya Wakikuyu, na William Ochieng' ya Wakisii, zote mwaka wa 1974. Katika Dar es Salaam Isaria Kimambo alikuwa amewaandikia Wapare mwaka wa 1969. Wako waliosema kuwa jambo hili lina hatari, kwamba kila kabila litapata historia yake na nchi itakosa ya kwake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtu akivisoma vitabu hivyo kwa pamoja huona kinyume chake: koo zinavuka mipaka ya makabila kila ukurasa, Mjaluo anaonekana kuwa na mababu Wabantu, Mkikuyu anaoa kwa Wamasai, na hakuna kabila hata moja lililokuja limekamilika kama gunia lililoshonwa.

UGOMVI WA MWAKA WA 1968

Katika Idara ya Kiingereza mambo hayakwenda kwa utulivu kama huo. Mwaka wa 1967 alikuwa amefika kijana wa Kamirithu, Limuru, aliyesoma Makerere na Leeds, naye alijulikana tayari kwa riwaya zake. Jina lake la wakati huo ni James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Septemba 1968 mkuu wa idara alileta mapendekezo ya kuyatengeneza masomo, akataka Kiingereza kiwekwe pamoja na lugha nyingine na mambo mengine kidogo yaongezwe. Mwezi uliofuata watu watatu walimjibu kwa maandishi: Bwana Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Jibu lao lilikuwa fupi na kali. Walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe.

Watu wengi wamelieleza shauri hilo vibaya. Hawakutaka Shakespeare afukuzwe Kenya. Walichouliza ni mahali pa kusimama. Mtu akisimama London, Afrika huonekana mbali, kama nyongeza iliyowekwa mwishoni mwa kitabu. Akisimama Nairobi, huanza kwa kuona yaliyo karibu naye, ndipo akatazama mbali. Basi walitaka kitovu kiwe fasihi ya Afrika, na ndani yake ile isiyoandikwa, yaani hadithi, methali, vitendawili na nyimbo, Kiswahili kifundishwe, kisha waje Waafrika wa Marekani na visiwa vya Karibi, na Wazungu wapate nafasi yao kama wageni wengine wenye heshima. Bwana Owuor-Anyumba alikuwa na haki ya kusema hayo, kwa kuwa alikuwa mkusanyaji wa nyimbo za wenyeji.

Idara haikubadilika kwa siku moja. Mapema mwaka wa 1969 Chuo kilifungwa baada ya wanafunzi kukasirika kwa sababu Bwana Oginga Odinga alizuiwa kuja kuwahutubia, na Bwana Ngugi akajiuzulu. Alirudi mwaka wa 1971, na mwaka wa 1973 akawa mkuu wa idara, ambayo sasa iliitwa Idara ya Fasihi. Septemba 1974 waalimu wa sekondari walikutana na wale wa Chuo Kikuu katika Nairobi School kuzungumza juu ya kufundisha fasihi ya Afrika mashuleni. Mwanafunzi wa sekondari aliyepata baadaye kuambiwa na mwalimu wake aende kwa bibi akaandike kitendawili, alikuwa akivuna kilichopandwa wakati huo, na bibi huenda hakujua kuwa sasa amekuwa sehemu ya mtihani.

Miongoni mwa walioungana na Chuo katika miaka hiyo alikuwa Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda. Huyu hakuingia usomini kwa mlango wa kawaida. Mwaka wa 1956 alikwenda Uingereza na timu ya mpira ya Uganda, na timu iliporudi, yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na mila za watu Oxford. "Song of Lawino", utenzi wake mrefu wa mwanamke wa kijijini anayemlalamikia mumewe aliyejifanya Mzungu, ulitoka mwaka wa 1966. Baada ya kupoteza kazi ya kuongoza National Theatre ya Kampala alikuja Kenya, na katika Nairobi alifanya kazi katika Taasisi ya Mambo ya Kiafrika, iliyoanzishwa mwaka wa 1970 chini ya Profesa Ogot. Alirudi Makerere mwaka wa 1982, akafa mwaka huo huo.

Kwa upande wa lugha yafaa kumtaja Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyeongoza mafundisho ya isimu na lugha za Kiafrika, na ambaye mwaka wa 1979 alitoa kitabu juu ya Muyaka wa Mwinyi Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa. Wasomaji wa pwani hawakuhitaji kuambiwa Muyaka ni nani. Wasomi wa bara walihitaji.

MKULIMA ALIYESAHAULIWA

Mzazi mwenye shamba atasema kuwa nyimbo na mababu ni vitu vyema, lakini havijazi ghala. Basi na asikie habari za Tetu.

Mwaka wa 1965 ilianzishwa katika Chuo taasisi ya kuchunguza maendeleo, Institute for Development Studies. Miaka michache baadaye wataalamu wake wa elimu ya jamii, na miongoni mwao Joseph Ascroft na Niels Röling, walikwenda Tetu, wilaya ya Nyeri, kuangalia kwa nini mbegu chotara za mahindi zilikuwa zimeenea kwa wakulima fulani, wengine wakabaki nyuma. Maofisa wa kilimo walikuwa na jibu tayari: walioshika mbegu mpya ni wakulima wa kisasa, wale wengine ni wavivu au washika mila. Kwa hiyo waliwatembelea wale wa kisasa tena na tena, wakitumaini kuwa majirani wataiga.

Wachunguzi hawakuridhika na jibu hilo. Waliona kuwa ofisa hupenda kwenda mahali anapokaribishwa, penye njia nzuri na chai, na kwa mkulima anayesema naye bila haya. Mkulima maskini hapati kutembelewa, hivyo hapati habari. Akipata habari hapati fedha za mbegu na mbolea. Na asipopanda, huandikwa kuwa ni mvivu. Ndipo walipofanya jaribio. Waliwachukua wakulima waliokuwa hawajaishika mbegu hiyo, wakawapa mafunzo mafupi yaliyotengenezwa kwa ajili yao, pamoja na njia ya kupata vifaa kwa mkopo. Wakulima hao waliipanda kwa wingi sana, na majirani wakaanza kuja kuuliza. Taarifa ya kazi hiyo, iliyotoka mwaka wa 1973, ilimtaja mkulima aliyesahauliwa katika jina lake lenyewe, na imesomwa katika nchi nyingi.

Hapo hapakutumika ujuzi mpya wa mbegu wala udongo. Kilichochunguzwa ni mwendo wa watu: nani humtembelea nani, na kwa nini. Hiyo ndiyo elimu ya jamii. Katika idara yenye jina hilo, Philip Mbithi aliandika juu ya jamii za wakulima, kitabu kilichotoka mwaka wa 1974, na baadaye yeye na Rasmus Rasmusson wakaandika juu ya kazi za harambee. Katika jiografia Profesa Simeon Ominde, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa Tume ya Elimu ya mwaka wa 1964, alionyesha mwaka wa 1968 jinsi watu wa Kenya walivyokuwa wakihama kutoka shamba hadi shamba na kutoka shamba hadi mji.

FALSAFA YAFIKA MAHAKAMANI

Somo lililodhaniwa kuwa halina kazi kabisa lilikuwa falsafa. Lilianza pamoja na mafundisho ya dini, chini ya Askofu Stephen Neill, mmisionari wa zamani wa Bara Hindi. Mwaka wa 1970 akaja Henry Odera Oruka, mwenyeji wa Ugenya, aliyekuwa amekwenda Uppsala, Sweden, akiwa na nia ya kusoma sayansi, akavutwa na falsafa huko huko.

Bwana Oruka alikuta ubishi: je, Waafrika wa zamani walikuwa na falsafa, au walikuwa na mila tu? Upande mmoja ulisema kabila zima lina falsafa yake, ambayo kila mtu anaishika bila kujua. Upande wa pili ulisema kuwa jambo linaloshikwa na watu wote bila kuulizwa haliwezi kuitwa falsafa. Yeye aliona kuwa pande zote mbili zimesahau kumwuliza mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka wa 1974 yeye na wenzake walikwenda vijijini na vinasa sauti, wakazungumza na wazee waliosifiwa na watu wao kwa hekima. Waliwauliza juu ya Mungu, kifo, uhuru, mke na mume, tajiri na maskini.

Mzee wa aina ya kwanza alijibu yale ambayo watu husema. Wa aina ya pili alijibu hayo, kisha akayahoji. Paul Mbuya Akoko, aliyepata kuwa Ker wa Luo Union, alisema kuwa Wajaluo wa kale walikosea walipodhani Mungu wao ni mbali na wa watu wengine. Ingekuwa miungu ni mingi, mambo ya ulimwengu yangevurugika. Hapa yupo mzee anayewasahihisha mababu zake kwa hoja, na hakujifunza kufanya hivyo Oxford. Miongoni mwa wazee hao alikuwamo Oruka Rang'inya, baba yake Profesa mwenyewe. Kitabu kilichoyakusanya mazungumzo hayo kilitoka mwaka wa 1990.

Lakini kabla ya hapo falsafa ilikuwa imekwisha kuitwa mbele ya jaji. Desemba 1986 alifariki wakili S. M. Otieno wa Nairobi. Mjane wake, Bi Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilichukua miezi mitano, na nchi nzima iliifuata magazetini kila asubuhi. Mwaka wa 1987 Profesa Oruka aliitwa na upande wa ukoo kuwa shahidi juu ya mila za Wajaluo. Wakili wa mjane alimhoji sana: mtu msomi, mwalimu wa Chuo Kikuu, anaaminije miiko? Wako waliofurahi kumwona msomi akiisimamia mila mahakamani, na wako waliosikitika, hasa wanawake, walioona kuwa mila iliyokuwa ikitetewa ilimnyima mjane sauti juu ya maiti ya mumewe. Ubishi huo haujaisha. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Profesa Oruka aliuawa katika ajali ya barabarani mjini Nairobi, Desemba 1995.

GHARAMA

Si wote walioruhusiwa kuendelea na kazi. Usiku mmoja mwishoni mwa Desemba 1977 Bwana Ngugi alikamatwa, baada ya mchezo wa Kigikuyu alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Aliwekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake Chuoni. Mwenzake Bi Micere Mugo, wa Kirinyaga, alichaguliwa kuwa mkuu wa Kitivo cha Sanaa, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha namna hiyo katika Kenya. Mwaka wa 1982 alilazimika kuikimbia nchi pamoja na binti zake, akanyang'anywa uraia. Mwaka huo, baada ya jaribio la kuipindua serikali tarehe 1 Agosti, Chuo Kikuu kilifungwa kwa muda mrefu. Serikali ya wakati ule ilikuwa na mashaka na masomo haya. Huenda iliyafahamu vizuri kuliko wazazi walioyadharau.

Bi Mugo alifariki Marekani mwaka wa 2023. Profesa Ogot alifariki Januari 2025, na Bwana Ngugi Mei mwaka huo huo. Kitivo chenyewe kilipangwa upya mwaka wa 2021, na sasa kinaitwa Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii, jina refu zaidi, ila angalau halimfanyi mzazi afikirie vinyago.

Kijana anayetaka kuingia hupangiwa nafasi baada ya mtihani wa KCSE, sawasawa na wenzake wa masomo mengine. Anayekusudia kuwa mwalimu wa historia au fasihi katika sekondari hana budi kuangalia vizuri anapojaza fomu, kwa kuwa shahada ya ualimu ni ya kitivo kingine, Kitivo cha Elimu, ambacho kiko Kikuyu.